Naomba ushauri: niweke hati ya nyumba nichukue semi ya kubeba kinywe (grafiti, madini ya betri)? Nipo Ruangwa

Mwana wa Mbekenyera
Wakuu, habari za muda huu, poleni na majukumu.

Mimi ni mkulima wa korosho na ufuta hapa Ruangwa. Malipo ya mnada yameshaingia, na nina nyumba mjini yenye hati. Kaka yangu mkubwa yupo Dar es Salaam na anafuatilia sana mambo ya dunia. Anasema China imebana kinywe na madini adimu (yale ya kutengenezea sumaku za mota) kwa sababu ya ugomvi wake na Marekani, kwa hiyo watengenezaji wa magari ya umeme watakimbilia kwetu, maana miradi ya kinywe ya Chilalo, Nachu na Lindi Jumbo yote iko ndani ya wilaya hii. Anataka fedha ya korosho iwe kianzio, hati iende benki, tununue semi iliyotumika tubebe kinywe kwenda bandari ya Mtwara kabla wenye mitaji hawajafika.

Mke wangu hajakubali. Mimi nipo njia panda. Kaka ndiye aliyenisomesha, siwezi kumjibu hivi hivi tu, nahitaji hoja. Je, hii amri ya China ni ya kudumu? Na China ikibana, bei ya mzigo wa huku inapanda kweli? Nawasilisha.

Kusini Kumekucha
Mkuu, kaka yako anaona mbali. Julai 2025 Marekani ilitangaza ushuru wa awali wa asilimia 93.5 kwa kinywe cha betri kutoka China. Viwanda vyao lazima vitafute mzigo kwingine, na kwingine ndiyo sisi. Kila mradi ukija kusini tenda zinachukuliwa na watu wa mbali, sisi tunabaki kuuza chai getini. Chukua gari.

Mfuatiliaji Lindi
Ndugu yangu, taarifa za kaka ni za kweli ila zimeishia nusu.

Tarehe 20 Oktoba 2023 China ilitangaza kuwa kinywe cha daraja la juu hakitatoka nje bila kibali, na utaratibu ukaanza 1 Desemba. Ni kibali, si katazo. Mwanzoni mzigo uliyumba, kisha vibali vikaanza kutolewa. Sasa angalia bei: mwaka 2024 iliendelea kudorora, kwa sababu viwanda vya China vilishazalisha kupita mahitaji na kinywe cha kutengenezwa kiwandani kilikuwa rahisi. Yaani amri ilikuwepo, na bei bado ikawa chini. Hapo mwombe kaka atulie kidogo.

Nguvu ya China haiko mgodini peke yake. Kinywe kikitoka ardhini na kuchenjuliwa hufika usafi wa karibu asilimia 95. Betri inataka zaidi ya 99.9, tena chembe ziwe zimeviringwa na kupakwa kaboni. Kazi hiyo karibu yote hufanyika China. Kwa hiyo mzigo wa Ruangwa ukitafuta njia ya kuingia kwenye betri, mara nyingi mnunuzi ni yule yule anayegombana na Marekani, na ugomvi wake haumlazimishi kukulipa zaidi. Madini adimu nayo ni hivyo hivyo, kama asilimia 90 ya usafishaji iko kwao. Na kwa hapa nchini mradi mkubwa wa madini adimu ni Ngualla, mkoa wa Songwe. Kaka asiyachanganye na kinywe chetu.

Kinachonitia hofu hasa ni mkopo. Septemba 2010 Japani ilimkamata nahodha wa meli ya uvuvi ya China karibu na visiwa ambavyo nchi zote mbili zinadai ni vyao. Muda mfupi baadaye shehena za madini adimu kwenda Japani zikakwama, na mwaka 2011 bei zikapaa mara kadhaa. Kampuni ya Molycorp ya Marekani ikakopa fedha nyingi kufufua mgodi wa madini adimu wa Mountain Pass kule California. Bei zikaanguka. Mwaka 2014 Shirika la Biashara Duniani likaamua kwamba China ilikosea kuweka ukomo wa kiasi cha madini adimu cha kuuza nje, na mapema 2015 ikauondoa. Juni mwaka huo huo Molycorp ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, ikiwa na deni la takriban dola bilioni 1.7.

Lynas, kampuni ya madini adimu ya Australia, ilipita katika dhoruba ile ile na ipo hadi leo. Miongoni mwa wakopeshaji wake walikuwa Wajapani waliotaka madini kuliko riba, na mambo yalipokuwa magumu walimwongezea muda wa kulipa. Benki yako haitafuti kinywe. Inataka rejesho la kila mwezi.

Msafirishaji Mtwara
Mdogo wangu, mimi nimo kwenye malori. Kabla ya kuuliza habari za Beijing, uliza nani atakupa mzigo. Mgodi haukodi gari moja moja barabarani. Unaingia mkataba na kampuni yenye magari mengi, bima ya mzigo na rekodi ya usalama, na hiyo kampuni ndiyo inaweza kukupa kazi chini yake. Kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini zinakupa nafasi, lakini unahitaji kampuni iliyosajiliwa na hesabu zinazosomeka.

Halafu tazama ng'ambo ya mto Ruvuma. Balama, kule Cabo Delgado, Msumbiji, ni miongoni mwa migodi mikubwa kabisa ya kinywe duniani, na inauza kwa kiwanda cha Marekani. Ilipunguza uzalishaji 2019 kwa sababu ya bei, na Desemba 2024 wenye mgodi wakatangaza kushindwa kutimiza mikataba kutokana na maandamano na vurugu baada ya uchaguzi. Kazi ilirudi katikati ya 2025. Amri ya China ilikuwepo muda wote wa kusimama huko kwa pili. Piga hesabu ya semi iliyolala miezi yote hiyo huku benki inadai.

Ukitaka gari, lisiwe la kinywe tu. Makaa ya mawe yanatoka mkoa wa Ruvuma hadi bandarini Mtwara, simenti ipo, korosho ipo kwa msimu wake.

Mwana wa Mbekenyera
Nawashukuru sana. Kaka amesoma na amejibu hivi: 2010 ni zamani, safari hii mambo ni makubwa, mwaka 2025 viwanda vya magari vilisimama kabisa.

Mfuatiliaji Lindi
Ni kweli vilisimama. Tarehe 4 Aprili 2025, siku mbili baada ya ushuru wa Trump, China iliweka vibali kwa aina saba za madini adimu, ikiwemo disprosiamu inayosaidia sumaku za mota kustahimili joto. Mei, kiwanda cha Ford mjini Chicago kikasimama kwa muda. Silaha hii inauma, hilo silipingi.

Ila endelea na kalenda. Tarehe 9 Oktoba China ikaongeza masharti mazito zaidi. Trump akatishia ushuru mwingine wa asilimia 100. Tarehe 30 Oktoba yeye na Xi, rais wa China, wakakutana Busan, Korea Kusini, na masharti yale ya Oktoba yakasimamishwa hadi 10 Novemba 2026. Wiki tatu tu! Vibali vya Aprili vikabaki. Mtu anayeweza kufunga na kufungua kwa kasi hiyo anaweza kushusha bei siku yoyote mshindani wake anapoanza kuchimba. Ndiyo maana Julai 2025 serikali ya Marekani iliihakikishia kampuni inayoendesha Mountain Pass sasa, MP Materials, bei isiyopungua dola 110 kwa kilo ya neodimiamu na praseodimiamu, madini adimu ya kutengenezea sumaku. Mtaji mkubwa vile, na bado walihitaji dhamana ya serikali. Muulize kaka: sisi nani atatuhakikishia bei ya tripu?

Mama wa Nachingwea
Mwanangu, kama nyumba hiyo ndiyo mnayoishi, bila ridhaa ya mkeo benki haipaswi kuichukua kuwa dhamana. Ipo kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971. Kwa hiyo mkeo si wa kuarifiwa, ni wa kukaa naye mezani.

Na wote hapa tunakumbuka mbaazi. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 za mbaazi kutoka nje ili kuwalinda wakulima wake. Bei huku ikaporomoka hadi wengine wakashindwa kurudisha gharama ya kuvuna. Hatukuwa na ugomvi na India. Baadaye ikafungua, bei ikapanda, na waliofaidi ni wale ambao bado walikuwa na shamba.

Mwana wa Mbekenyera
Shikamoo mama, nimekuelewa. Jumatatu naenda ofisi ya Tume ya Madini kuuliza ni mradi gani unazalisha sasa hivi na nani anabeba mzigo wake. Hati inabaki ndani. Kaka nimempigia, amekubali tusubiri hadi tuone mkataba wa maandishi, na fedha ya korosho inaanza na salfa na palizi.

Msafirishaji Mtwara
Vizuri. Ukipata huo mkataba nitumie nisome kipengele cha malipo kabla hujasaini. Wengine hulipa baada ya siku 60 au 90, na dizeli unanunua leo kwa fedha taslimu.