Kinyozi: Jik kwenye shingo ya mteja ni sawa?

fundi_kayole: Wadau, habari zenu. Nina kinyozi hapa Kayole. Kijana niliyemwajiri ana chupa moja ya kupuliza, maji na Jik. Anapulizia mashine, anapangusia kaunta, na mteja akikatwa kisogoni anapuliziwa hiyo hiyo. Nikimuuliza ananijibu dawa ni dawa, mradi inaua vijidudu. Jumamosi mzee mmoja ameruka kitini nusura aangushe kioo. Dawa ya ngozi na ya vifaa zina tofauti gani hasa?

sista_mstaafu: Mzee alikuwa na haki ya kuruka! Nimekaa chumba cha upasuaji hadi nikastaafu, na wanafunzi wote walikuja na swali hili. Zote mbili zinaua vijidudu. Antiseptiki, yaani dawa ya ngozi, imepimwa nguvu ili nyama iliyo hai iivumilie. Disinfektanti, yaani dawa ya vifaa, ni ya chuma, kaunta na sakafu, haina huruma. Klorini ya Jik inaunguza bakteria na inaunguza vilevile seli changa zinazojaribu kufunga kidonda.

Mteja akikatwa: maji safi yanayotiririka na sabuni, bonyeza kwa pamba safi hadi damu ikatike, kisha povidoni ayodini, ile dawa ya kahawia ya kupaka kidonda. Basi.

Kinachochanganya watu ni kwamba dawa moja huweza kufanya kazi zote mbili. Dettol ile ya kahawia, soma lebo: kipimo cha kidonda si kile cha sakafu.

Sasa mashine, na hapa ndipo wengi mnapokosea. Toa nywele kwa brashi kwanza, kwa sababu uchafu na damu humaliza nguvu ya klorini kabla haijafika kwa kijidudu. Isitoshe Jik inakula chuma, hayo meno yatashika kutu. Tumia spiriti ya asilimia 70. Ya 95 ni kali lakini hukauka upesi mno, na pia inahitaji maji ili iharibu protini za kijidudu. Zima mashine, lowesha meno, acha yakauke yenyewe. Wembe ni mpya kwa kila mteja, hilo sijadili na mtu: virusi vya homa ya ini B hukaa hai kwenye damu iliyokauka siku 7 au zaidi.

mama_wa_githurai: Na asije akachanganya hiyo Jik na dawa ya choo yenye asidi. Inatoa gesi ya klorini, mtakimbia nyote na mapovu usoni.

fundi_kayole: Asante sana sista. Na lile boksi la taa ya buluu la kuua vijidudu kwenye vifaa? Niliuziwa bei ghali.

sista_mstaafu: Mwanga unaua pale unapogusa tu. Ukiweka kitana chenye nywele, chini ya nywele pako vilevile. Kaunta ipanguse na Jik, hiyo ndiyo kazi yake, ila changanya mpya kila asubuhi, ya jana imepungua nguvu.

fundi_kayole: Spiriti baada ya kunyoa je? Wateja wanaidai.

sista_mstaafu: Ngozi nzima, mpake. Iliyokatwa, usimguse nayo hata akikudai.