Naomba ushauri: vifaa vya kuanzia vya mdakaji wa softiboli kwa binti wa miaka 10, bajeti ni ndogo

Mama wa Mdakaji

Habari zenu wanajamvi. Binti yangu ana miaka 10 na huu ni msimu wake wa pili wa softiboli, mchezo wa jamii ya besiboli. Majuma matatu yaliyopita mdakaji wa timu yao aliumwa, mwalimu akauliza ni nani aliye tayari kukaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira ya mrushaji, naye akanyosha mkono kabla sijaelewa anaomba nini. Tangu siku hiyo hataki kusikia habari za nafasi nyingine.

Kwa sasa anaazima vifaa vya timu, ambavyo vilinunuliwa kwa ajili ya wasichana wakubwa. Kinga ya kifua inamfika mapajani, na kila anapochuchumaa ukingo wake wa juu unapanda mpaka unamgusa kidevu, hivyo inambidi anyoshe shingo kama mtu anayechungulia juu ya ukuta ndipo auone mpira. Jambo hilo linanikosesha amani, na ndiyo maana nimeamua kumnunulia vyake.

Maswali yangu ni haya. Je, seti nzima inayouzwa pamoja inatosha, au ni bora kununua kimoja kimoja? Je, vitu vya mtumba vinafaa? Mtoto wa kaka yangu aliwahi kudaka katika besiboli na ametupatia glavu yake. Je, anaweza kuitumia? Na mwisho, si busara kumchukulia vikubwa kidogo ili avikulie?

Kocha wa Vijana

Mama, hongera kwa binti jasiri. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalowaponza wazazi wengi: usimnunulie vya kukulia. Sare ikiwa kubwa unaikunja pindo, lakini kinga kubwa inahama mahali pake wakati uleule inapohitajika. Hayo unayoyaona kidevuni mwake ndiyo matokeo yenyewe.

Chukua utepe wa fundi cherehani upime sehemu tatu. Kwa kifua, pima kuanzia shingo inapokutana na mfupa wa mtulinga hadi kiunoni. Kwa miguu, pima kuanzia katikati ya goti hadi kifundo. Kwa kichwa, zungusha utepe juu kidogo ya nyusi. Kisha linganisha na jedwali la mtengenezaji wa kifaa unachokitazama, kwa maana kipimo kinachoitwa cha watoto kwa mmoja hakilingani na cha mwingine. Kinga nyingi za kifua za umri huo zina urefu wa inchi 13 au 14, yaani kati ya sentimita 33 na 36, lakini utepe uaminiwe kuliko umri ulioandikwa kwenye boksi.

Kuhusu fedha, weka sehemu kubwa kwenye kichwa. Kwa anayeanza, napendelea helmeti ya kipande kimoja inayozunguka kichwa chote na kufunika masikio, yenye vyuma vya uso vilivyoshikamana nayo. Tafuta ndani yake au nyuma alama ya NOCSAE, ambacho ni chombo cha Marekani kinachoweka viwango vya usalama vya vifaa vya michezo, kilichoanzishwa mwaka 1969. Helmeti isiyo na alama ya kiwango kinachotambulika, hata ikiwa nzuri namna gani machoni, irudishe rafuni. Uliza pia sheria za ligi yenu kuhusu koo. Little League, shirika la Marekani la ligi za watoto za besiboli na softiboli, kwa mfano, inadai kinga ya koo inayoning'inia, hata kama vyuma vya uso vimeshuka chini ya kidevu. Ni kipande kidogo kinachofungwa kwa kamba, na kwangu mimi ni cha lazima, sheria iseme isiseme.

Baba wa Mabinti Wawili

Nakubaliana na Kocha, ila naomba niutetee mtumba. Watoto wanakua haraka kuliko vifaa vinavyochakaa, na vilinda ugoko vingi vinaachwa vikiwa bado vizima kabisa. Binti yangu mkubwa alitumia vya jirani kwa misimu miwili bila tatizo. Bonyeza sponji kwa kidole gumba: ikirudi upesi, bado iko hai, ikibaki na shimo, acha. Vuta kila mkanda uone kama mpira wake bado unajirudi, na uangalie kama vibizimu vyote vipo, maana mkanda mmoja uliokatika unatosha kukizungusha kilinda ugoko hadi upande wa shavu la mguu.

Hata hivyo sitanunua helmeti ya mtumba, na nina sababu. Tuliwahi kupewa moja iliyoonekana nzima. Siku nilipotoa sponji za ndani ili nizifue, nikakuta ufa mwembamba kama unywele ukipita juu ya sikio, mahali ambapo rangi ya nje ilikuwa imeuficha. Mwanangu alikuwa ameivaa mwezi mzima. Nilikaa na ile helmeti mapajani kwa muda mrefu siku hiyo.

Mshona Glavu

Mimi nitajibu kuhusu glavu peke yake. Dada, mshukuru kaka yako, lakini glavu hiyo haitamfaa binti. Mpira wa besiboli una mzingo wa inchi 9 hivi, ilhali wa softiboli ni inchi 11 kwa watoto wadogo na 12 kwa wakubwa. Mfuko wa glavu ya mdakaji wa besiboli umechongwa kwa ule mpira mdogo, kwa hiyo wa softiboli utakaa mdomoni mwa mfuko na kudondoka, na mtoto atadhani mikono yake ndiyo mibaya.

Utakapotafuta ya softiboli, usishtuke ukiona imeandikwa 32 au 33, wakati glavu yake ya kawaida imeandikwa 11 au 12. Glavu ya mdakaji hupimwa kwa mzingo wake wote, na ya kawaida hupimwa kutoka ncha ya kidole hadi kisigino cha kiganja. Kwa miaka 10, kipimo cha 32 au 33 kinamtosha. Chagua ambayo anaweza kuifumba mwenyewe kwa mkono mmoja, hata kama ngozi yake si ya daraja la juu, kwa sababu ngozi ngumu ya bei kubwa asiyoweza kuikunja haimsaidii kitu.

Na kama fedha haitoshi vyote kwa mara moja, glavu ndiyo inayoweza kusubiri. Sheria za softiboli hazimlazimishi mdakaji kuvaa glavu ya aina ile, kwa hiyo anaweza kuanza na ya kawaida, ingawa kiganja kitamuuma ikiwa mrushaji ana nguvu.

Mama wa Mdakaji

Nawashukuru nyote kwa moyo. Nimempima jana usiku: kifua sentimita 34, goti hadi kifundo 31, kichwa 53. Nimeamua helmeti iwe mpya, pamoja na kinga ya koo. Vilinda ugoko nitatafuta vya mtumba, na glavu itangoja. Kinga ya kifua bado inanitatiza: nipate ya mtumba, au mpya?

Kocha wa Vijana

Kama ya mtumba ni nzima na ina kipimo chake, ichukue. Ukipata mpya kwa bei unayoimudu, ulizia iliyothibitishwa kwa kiwango cha NOCSAE cha kukinga moyo, kwa sababu pigo la mpira juu ya moyo, likitua katika sekunde mbaya, linaweza kuvuruga mapigo yake hata kama mbavu hazikuumia. Unene wa sponji kwa macho hauthibitishi kinga hiyo.

Kabla ya kulipa, mvalishe vyote kwa pamoja kisha umwambie achuchumae. Mtulinga uwe umefunikwa na kidevu kiwe huru. Atikise kichwa kwa nguvu, na helmeti isogee na kichwa, si baada yake. Vibizimu vya miguuni vikae upande wa nje, kwani vikiwa ndani vitashikana mguu kwa mguu anapokimbia. Halafu simama hatua tano mbele yake, umrushie mpira wa tenisi chini karibu na vidole vyake vya miguu, mara kumi. Mtazame macho tu. Akiufuata mpira hadi chini bila kugeuza uso, vifaa vimemkaa.

Mama wa Mdakaji

Tumefanya zoezi hilo leo sebuleni kwa helmeti mpya na vilinda ugoko tulivyopata. Mipira miwili ya kwanza aligeuza uso. Ule wa tatu aliudondokea kwa magoti yote mawili, ukagonga kilinda ugoko na kusimama mbele yake, naye akauliza kama tunaweza kuendelea hadi usiku.