Aqua yangu inakunywa mafuta kwenye foleni

Wakuu, natoka Mbezi kwenda Posta na Toyota Aqua, gari la haibridi lenye injini ya petroli na mota ya umeme. Lita moja haifiki kilomita 16. Nifanyeje?

Jibu: Upepo wa matairi ukoje? Fuata kibandiko cha mlango wa dereva, pima matairi yakiwa baridi.

Jibu: Mimi ni dereva wa teksi, Aqua naijua. Ukiona taa nyekundu kwa mbali, achia mafuta mapema, gusa breki taratibu, mota ichaji betri. Ukikanyaga ghafla, nguvu inaishia kwenye padi za breki badala ya kurudi kwenye betri. Gia ya B, ile ya kupunguza mwendo kwa injini, iachie mteremko mrefu kama mlima Kitonga. Halafu tafadhali, chungulia tundu la hewa la betri pale kiti cha nyuma. Likiziba, betri inachemka, injini inawaka mara kwa mara.

Muulizaji: Nimechungulia, vumbi limeganda kama sufi! Nasafisha kwa brashi au niite fundi?

Jibu: Ita fundi, afungue tundu pamoja na feni ya betri, asafishe vyote.