Kutenganisha majina na namba za simu katika Excel

Swali: Ndugu zangu, orodha ya wanachama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa ina jina na namba ya simu katika seli moja, vikitenganishwa kwa mkato. Nitavigawaje katika safu mbili bila kuandika upya?

Jibu: Ongeza kwanza safu tupu upande wa kulia, la sivyo yaliyomo huko yatafunikwa. Kisha chagua safu yenye orodha, fungua Data, bofya "Text to Columns", halafu "Delimited" na "Comma".

Muulizaji: Nashukuru, vimegawanyika, ila namba zilizoanza na 07 sasa zinaanza na 7!

Jibu jingine: Excel imezichukulia kuwa hesabu. Tendua, urudie, na katika hatua ya 3 uibofye safu ya simu na kuichagulia "Text" kabla ya kumaliza.