Ukungu bafuni: mwenye nyumba kapaka rangi mara tatu, sasa ananipandishia kodi

Wadau, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Naishi Ggaba, hapa Kampala, karibu kabisa na ziwa. Anayeijua Ggaba anaujua unyevu wake: ukifua shuka asubuhi, jioni bado mbichi. Hilo ni la Mungu, simlaumu mtu. Lakini bafu langu lina mwenyewe wa kulaumiwa. Nilipohamia lilikuwa na kidirisha, kidogo tu, ila upepo ulipita. Mwaka jana mwenye nyumba akaona kipande cha ua kinakaa bure, akabandika mizigo miwili ya kupangisha (vyumba vya kimoja kimoja, kwa msiotoka Kampala), na ukuta wake ukaja kuziba dirisha langu lote. Tundu la hewa la juu nalo akalijaza saruji, eti panya wasipite.

Tangu hapo nikioga mvuke hauna pa kwenda. Unagonga ukuta wa baridi, unageuka maji, plasta inakunywa. Haikupita hata wiki tatu, madoa meusi pembeni mwa dari. Mvua za Machi zilipoanza, dari lote likawa kama limerushiwa unga wa mkaa. Taulo zinanuka. Miswaki tumeihamishia chumbani. Mwanangu ana pumu, usiku ni kukohoa tu, na daktari swali lake la kwanza lilikuwa: nyumbani kuna ukungu?

Kabla hamjaniambia "paka Jik", nimepaka. Kwenye vigae inafanya kazi, sibishi. Kwenye plasta inaondoa weusi tu, mzizi unabaki ndani, baada ya siku kumi umerudi. Na jirani aliyenishauri niichanganye na siki ili iwe kali, jamani msithubutu! Inatoa gesi ya klorini, na kwenye bafu lisilo na dirisha utatolewa umebebwa.

Sasa huyu mzee. Kila nikimpigia anatuma fundi na ndoo ya rangi. Mara tatu! Fundi hakwangui, hakaushi, anapaka nyeupe juu ya ukungu mbichi na kwenda zake. Mwezi hauishi, rangi imevimba kama chapati. Mara ya mwisho nilimsihi atoboe tundu tu upande wa korido, kazi ya nusu saa. "Nnyabo (yaani mama), mimi nimetumwa kupaka." Mzee mwenyewe anasema kosa ni letu, tunaoga maji ya moto mno. Ndoo moja kwa kila mtu, nyumba ina watu wawili!

Wiki hii kaniletea barua: kodi kutoka 450,000 hadi 550,000, sababu "ukarabati". Nikamtajia sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022, kwamba nyongeza haizidi asilimia 10 kwa mwaka, yaani mwisho wake ni 495,000. Akanijibu nikapange kwa walioitunga.

Ningeenda kwa mwenyekiti wa LC1 (serikali yetu ya mtaa), ila mwenyekiti ndiye kapanga mzigo mmoja kati ya ile miwili, na nasikia halipi kitu.

Kuna aliyewahi kutoboa tundu kwa pesa yake akakata kwenye kodi? Mlimalizana vipi na mwenye nyumba?