Kwenda Yellowstone kwa basi la theluji na binti mwenye selimundu: naombeni ushauri

MkingaWaKariakoo

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina duka la vitenge Kariakoo, asili yangu Makete. Binti yangu ana miaka 21, anasoma jiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ana selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu kujipinda, tangu utotoni. Anahudhuria kliniki Muhimbili, anameza dawa yake ya haidroksiurea kila siku, na namshukuru Mungu ni muda mrefu hajalazwa.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Bozeman, jimbo la Montana, Marekani, na ametualika Februari. Viza tunazo, tiketi kalipa yeye, huko msinishauri. Kinachonikosesha usingizi ni Yellowstone. Binti anaitaka kuliko kitu kingine chochote kwenye safari hii. Ni hifadhi ya taifa tangu 1872, iko juu ya volkano, na zaidi ya nusu ya chemchemi zote duniani zinazorusha maji ya moto hewani ziko pale. Ile maarufu, Old Faithful, hulipuka kila baada ya saa moja na nusu hivi na kurusha maji zaidi ya mita 30. Kwa mwanafunzi wa miamba, naelewa kwa nini anakosa raha.

Sasa kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi barabara za ndani hazipitiki kwa gari la kawaida. Unaingia kwa basi la theluji au pikipiki za theluji, basi. Mjomba wake anataka tukodi pikipiki, tukalale kule siku mbili. Moyo wangu umegoma. Huyu mtoto tukienda Makete Juni au Julai, ile baridi ya nyumbani tu, viungo vinamshika hadi analia usiku. Je, kule itakuwaje? Na akizidiwa tukiwa katikati ya theluji, tunatokaje?

Aliyewahi kufika, au mwenye ujuzi wa afya, naomba anieleze bila kunificha.

Kisarawe_Boy

Dada, kwani maji moto hapa nyumbani hakuna? Mpeleke Songwe, ni karibu na kwenu.

MkingaWaKariakoo

Songwe alishakwenda na wenzake wa chuo, na ziwa Ngozi pia. Ndiko alikopata hamu ya kuona kwa macho yake mfumo mkubwa zaidi wa volkano na maji moto. Sitamwambia aache kwa sababu kuna kidogo karibu.

Muuguzi_Upanga

Shikamoo mama. Nimefanya kazi na wagonjwa wa selimundu, nitakueleza ninavyowaeleza wazazi.

Kuna mambo matatu yanayochokoza maumivu, na safari hii inayo yote. La kwanza ni baridi. Mishipa midogo ya damu hujikunja, damu inapita kwa shida, chembe zilizopinda zinanasa. La pili ni mwinuko. Dar tuko usawa wa bahari. Old Faithful iko mita 2,240 hivi. Hewa ya kule ina oksijeni pungufu, na oksijeni ikipungua ndipo chembe zake zinapojipinda zaidi. Kwa wengine bandama huathirika pia, ndiyo maana maumivu ya ubavu wa kushoto juu ya tumbo hayachukuliwi kimzaha. La tatu ni ukavu. Hewa ya baridi kali haina unyevu, mtu anapoteza maji kwa kupumua tu na wala hasikii kiu. Binti atakuambia hataki maji kwa kuwa hajatokwa jasho. Mpe maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai, anywe kidogo kidogo siku nzima.

Hiyo haimaanishi haiwezekani. Wapo wanaosafiri vizuri. Ila daktari wake ndiye mwenye neno la mwisho, kwa sababu anajua kiwango chake cha damu, kama amewahi kupata tatizo la kifua, na bandama yake ikoje. Nenda naye kliniki mapema, msisubiri wiki ya safari. Mwulize mambo haya kwa majina: mwinuko wa mita 2,240, baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na siku nzima mbali na hospitali. Ukimwambia tu "tunasafiri kwenda Marekani" atadhani mnakwenda mjini. Mwombe pia barua ya Kiingereza yenye majina ya dawa na dozi. Dawa zote zikae kwenye begi la mkononi, zisiende na mizigo. Muulizie chanjo za nimonia na mafua.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: ndani ya ndege angani, hewa huwa sawa na ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Kwa hiyo mtihani wa kwanza wa mwinuko ataupata kabla hajaona theluji. Muangalie alivyo siku mbili tatu baada ya kushuka.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kichwa kuuma ghafla na vikali, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea: hapo ni hospitali mara moja, hakuna kusubiri dawa za maumivu zifanye kazi.

Mbongo_Idaho

Dada yangu, niko jimbo la jirani, naendesha lori, na Yellowstone nimeingia kwa basi la theluji.

Kwanza ondoa pikipiki kwenye mpango. Ukiwa juu ya pikipiki ya theluji upepo unakupiga uso, vidole na magoti saa nzima, na hata kama vishikio vina moto, mwili mzima uko nje. Kwa mtu ambaye baridi ya Makete inamlaza, hapana. Mwambie mdogo wako nimekataa mimi, kama utaona vigumu kumkatalia. Na si kwamba mnajiendea tu. Huko lazima muwe kwenye msafara wenye kiongozi au muwe na kibali maalumu, kwa hiyo binti akishikwa na maumivu njiani hamgeuzi mnapotaka nyinyi.

Basi la theluji ni habari nyingine. Ni gari lililofungwa, lina hita, unavua koti ndani. Ya zamani yalitembea kwa minyororo kama katapila, na mengine bado yako hivyo. Mengi ya sasa yana matairi mapana sana yenye upepo kidogo. Madereva wa bongo wanaopita kwenye mchanga wataelewa, unapunguza upepo ili tairi likae juu lisichimbe. Barabara yenyewe ni ileile ya lami ya kiangazi, ila theluji haiondolewi, inashindiliwa na mitambo. Linakwenda taratibu, na nyati wa kule, wenye manyoya mazito, wanatembea barabarani humohumo kwa sababu ni rahisi kuliko kupasua theluji. Dereva anasimama mpaka wapite.

Huyu aliyebuni magari haya ya kubeba watu juu ya theluji, Joseph-Armand Bombardier wa Quebec, Kanada, alifiwa na mwanawe mdogo majira ya baridi ya 1934. Mtoto alihitaji hospitali na njia ilikuwa imefungwa na theluji. Miaka michache baadaye akatoa gari lake la kwanza la kubeba abiria, na magari ya kampuni yake yalibeba wageni Yellowstone kwa miaka mingi. Nakuandikia hili kwa sababu swali lako la mwisho ndilo swali lake. Akizidiwa tunatokaje? Jibu la kweli ni kwamba mnatoka kwa njia mliyoingilia, juu ya theluji ileile, na anayekuja kuwachukua naye anapita hapohapo. Toka West Yellowstone hadi Old Faithful ni kama kilomita 48. Kwa lami ni kitu kidogo. Kwa theluji, hali ya hewa ikichafuka, ni mbali sana. Kliniki ya hifadhi inayofungua mwaka mzima iko Mammoth, kaskazini, siyo Old Faithful.

Kwa hiyo ushauri wangu: kulala kule acheni. Chukueni basi la asubuhi kutoka West Yellowstone, mfike, aone Old Faithful ikilipuka (kuna jengo la wageni lenye joto pale, mnasubiri ndani mnatoka dakika chache), jioni mmerudi mjini.

Halafu kuna njia ambayo mdogo wako huenda hajaifikiria. Upande wa kaskazini, barabara ya Gardiner hadi Cooke City inaondolewa theluji mwaka mzima na gari la kawaida linapita. Toka Bozeman hadi Gardiner ni kama kilomita 130, na mnapita Livingston ambako kuna hospitali. Pale Mammoth kuna ngazi za mawe meupe yaliyojengwa na maji moto, mvuke unafuka katikati ya theluji. Mkiendelea mnaingia bonde la Lamar, ndiko walikorudishwa mbwamwitu mwaka 1995. Mwinuko wake ni mdogo kidogo kuliko Old Faithful, mko kwenye gari lenu lenye hita, mnageuza muda wowote. Anzeni huko. Akiwa mzima baada ya siku hiyo, ndipo mpande basi la theluji.

Kibo_Porter

Naunga mkono. Kwa kulinganisha, kwa vipimo vya Kilimanjaro, Old Faithful iko juu ya lango la Marangu na chini ya kibanda cha Mandara. Wageni wengi hawaumwi urefu huo, lakini tunaowaona wakisumbuka ni wale wanaopanda haraka. Bozeman iko mita 1,460 hivi, kaeni hapo kwanza mwili uzoee.

Nguo: pamba isiguse mwili. Ikilowa jasho inakuwa barafu. Ndani vaa sufu au zile za kukausha jasho, katikati fulana nzito ya manyoya, juu koti lisilopitisha upepo. Buti liwe kubwa kidogo, vidole vicheze. Buti la kubana na soksi tatu linakata damu, na kwa binti huyo ndiyo hatari zaidi.

Mama_Junior_Segerea

Mwenzangu, mimi pia nina kijana mwenye ugonjwa huu, yuko kidato cha sita. Naomba nikuulize kwa upendo. Umesema mjomba anataka hivi, wewe moyo umegoma. Yeye mwenyewe umemwuliza? Ana miaka 21. Anajua maumivu yake kuliko sisi. Wangu nilikuwa namkataza kila kitu, hata kucheza mpira, mpaka akaanza kunificha akianza kuumwa, akiogopa nitamfungia. Hicho ndicho kilikuwa hatari kuliko mpira wenyewe. Kaeni chini mkubaliane akiwa bado Dar: akisema "mama, imeanza", mnageuza, na hakuna atakayemlaumu kwa hela zilizolipwa. Na mjomba naye asikie hivyo kabla hamjapanda ndege.

Bima_Posta

Bima ya safari someni kipengele cha ugonjwa uliokuwepo kabla. Bima nyingi za bei rahisi hazilipi chochote kinachotokana nao. Tajeni selimundu wazi kwenye fomu, lipeni zaidi, na hakikisheni kuna fedha za kumtoa mgonjwa eneo la mbali kwa helikopta. Gharama za hospitali Marekani zinaweza kula duka lote. Msifiche ugonjwa, wakigundua, hawalipi.

MkingaWaKariakoo

Nimerudi wakuu, asanteni sana, Mungu awabariki. Tulikwenda kliniki. Nilimtajia daktari mwinuko na nyuzi kama muuguzi alivyosema, akaweka kalamu chini akatusikiliza. Amepima damu, ameangalia bandama, chanjo amepewa. Amesema basi lililofungwa na kurudi siku ileile anaweza kukubali, ila pikipiki na kulala kule hapana. Ametaka tukae Bozeman kwanza, na asubuhi ya safari tumpime joto. Akiwa na homa au maumivu yoyote, safari imekufa.

Na wewe Mama Junior, nilimwuliza. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema alikuwa anaogopa pikipiki tangu mwanzo, ila hakutaka kumvunja moyo mjomba wake. Angepanda tu akae kimya! Nililia. Tumempigia mjomba wake pamoja, binti akaongea mwenyewe. Amekubali, na ameshakata basi la theluji la siku moja kutoka West Yellowstone. Siku ya kabla yake tunapumzika. Mammoth na Lamar tunaanza nazo kwa gari lake.

Kuhusu bima nimepata inayoandika selimundu kwa jina. Ni ghali, lakini nalipa.

Limebaki moja: hayo makoti mazito Dar nayapata wapi? Madukani Kariakoo kote naona ya mvua tu.

Mchikichini_Mitumba

Shikamoo mama. Njoo Karume, soko la mitumba. Makoti ya theluji yanakuja kwenye belo kila mara, na kwa joto la hapa hayana mnunuzi, kwa hiyo bei si ya kutisha. Njoo asubuhi mapema mabelo yakifunguliwa, mje na binti ajaribu mwenyewe akiwa amevaa sweta ndani. Angalia zipu inapanda hadi kidevuni, kofia imeshonwa kwenye koti, na kitambaa cha nje hakijapasuka kwenye kwapa. Suruali za theluji zenye mikanda ya mabegani zipo pia, watu huzipita wakidhani ni za mafundi. Buti usinunue huku. Nyayo za mtumba wa muda mrefu hupasuka baridini. Hayo mjomba amnunulie kulekule Bozeman akiwa na mguu wake mwenyewe dukani, pamoja na vile vifuko vya kupasha mikono vinavyowekwa ndani ya glavu.