Kisigino kinauma, sakafu ya jikoni inateleza: nichague kiatu gani cha kazi?

Mpishi_Nyali
Wakuu, poleni na kazi. Naomba ushauri wa kiatu. Niko jiko la hoteli hapa Mombasa. Sakafu ni vigae. Upande wa kukaangia mafuta yanaruka, upande wa kuoshea vyombo maji ya sabuni hayakauki. Zamu ni ya masaa tisa, karibu yote kwa kusimama. Kisigino cha kulia kinachoma nikikanyaga chini asubuhi, kinapoa nikishatembeatembea, jioni kinarudi. Raba laini zinanipa nafuu lakini zinateleza. Viatu vya usalama tulivyopewa vinashika sakafu, ila ni vizito na vigumu kama ubao. Mfuko unaruhusu pea moja mpya, au mbili za mitumba. Nianze kuangalia nini?

FundiSoli
Anza na soli, kisigino kitafuata. Kilichomo ndani ya kiatu unaweza kukitoa ukaweka kingine, lakini soli ukishainunua ndiyo hiyo hiyo.

Mguu huteleza hasa pale ukingo wa nyuma wa kisigino unapogusa chini mara ya kwanza. Maji au mafuta yanabanwa kati ya soli na kigae, na yakikosa pa kukimbilia, mpira haugusi sakafu kabisa. Mifereji ya soli ipo kwa ajili ya kuyapa njia. Basi kigeuze kiatu. Kwa sakafu ya ndani yenye majimaji unataka vinundu vidogo vingi vilivyokaribiana, vyenye kingo kali za mraba, na mifereji ya kama milimita 2 au zaidi inayofika hadi pembeni mwa soli ikatokeza nje. Mfereji unaoishia katikati unafungia maji humo humo. Angalia pia kama vinundu vinafika mpaka ukingo wa nyuma wa kisigino. Viatu vingi vya bei rahisi vina michoro mizuri katikati, halafu nyuma ni laini, na hapo ndipo panapohitajika kuliko pote. Yale meno makubwa ya buti za mlimani ni ya tope. Kwenye kigae chenye mafuta yanagusa sehemu ndogo tu.

Halafu bonyeza soli kwa ukucha. Mpira unaofaa unabonyea kidogo na kurudi. Ukiwa mgumu kama plastiki, achana nao, hata uwe na michoro ya aina gani.

Maneno yaliyochongwa chini ya soli kwamba kiatu hakitelezi hayana uzito. Mtengenezaji yeyote anaweza kuyachonga. Tafuta alama ya EN ISO (viwango vya Ulaya na vya kimataifa) kwenye ulimi wa kiatu au lebo ya ndani: EN ISO 20347 ni kiatu cha kazi kisicho na chuma cha vidole, EN ISO 20345 ni kile chenye kinga ya vidole inayohimili pigo la joule 200. Pembeni mwa namba hiyo, viatu vya toleo la zamani la viwango hivyo huandikwa SRA (kimepimwa kwenye kigae chenye maji ya sabuni), SRB (kwenye chuma chenye gliserini, kimiminika kizito chenye utelezi) au SRC (vyote viwili). Toleo la 2022 liliondoa herufi hizo: kipimo cha kigae na sabuni kikawa cha lazima, na SR ikamaanisha kimefaulu pia kwenye kigae chenye gliserini. Kwa jiko lako chukua SRC au SR. Ukiona FO, soli inahimili mafuta bila kuvimba wala kulainika. E maana yake kisigino kinafyonza mshindo, na hiyo E ndiyo inayokuhusu wewe.

Vile mlivyopewa nadhani ni 20345. Kama kazi yako si kubeba masufuria makubwa au kushusha mizigo stoo, 20347 itakupunguzia uzito. Lakini muulize kwanza msimamizi wa usalama, maana huenda chuma cha vidole kimewekwa kwa sababu.

Fizio_Tanga
Maumivu uliyoyaeleza, makali hatua za kwanza asubuhi, yanapoa, yanarudi jioni, kwa kawaida ni ya ule utando mgumu unaotoka kisiginoni kupita uvungu wa unyayo mpaka vidoleni. Usiku unajikunja, asubuhi unavutwa ghafla.

Ndiyo maana ulaini peke yake haukutibu. Kiatu laini sana kinaacha unyayo uzame na kupinda, na utando unaendelea kuvutwa. Vipime hivi dukani kwa mikono yako:

Shika kiatu mbele na nyuma, ukikunje. Kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati, kwenye uvungu, kirudishe rafuni.

Kisokote unavyokamua nguo. Kikizunguka bila kukupinga, hakina mhimili.

Bana sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino. Iwe ngumu, isibonyee ndani.

Kisigino kiwe juu kuliko mbele kwa kama sentimita 1. Kiatu bapa kabisa kinavuta msuli wa shavu la mguu, nao unavuta kisigino. Hata nyumbani usitembee pekupeku kwenye sakafu kwa sasa. Vaa ndala nene zenye uvungu ulioinuliwa.

Kipimo cha mguu chukua jioni baada ya zamu, ukiwa umevimba, na soksi zile zile za kazini. Toa insoli ya kiatu (kile kitandiko cha ndani unachokanyagia), iweke chini, simama juu yake: kidole kirefu kibakize kama sentimita 1 mbele, na nyama ya mguu isimwagike pembeni. Ikimwagika, kiatu ni chembamba. Kuongeza namba kutakupa urefu usiouhitaji, kisigino kitachezea nyuma. Tafuta aina pana zaidi.

Insoli ya kuongeza, nunua ile yenye kikombe kirefu cha kisigino na uvungu mgumu kiasi, isiwe ya jeli tupu. Ni LAZIMA utoe ya zamani kwanza. Ukiweka juu yake, kisigino kinapanda, kinachomoka, na mguu unayumba kwenye sakafu yenye maji.

Kiatu pia hakitoshi peke yake. Asubuhi kabla ya kushuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako kwa sekunde 10, mara 10. Mchana simama mbele ya ukuta, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, egemea mbele sekunde 30, mara 3. Jioni viringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda kwa dakika 10. Nafuu inakuja kwa wiki na miezi, usikate tamaa siku ya nne.

Nenda hospitali bila kungoja ukiona ganzi, uvimbe wenye joto, maumivu yanayokuamsha usiku ukiwa umelala, au kama yalianza baada ya kuanguka. Mwenye kisukari asijaribu kiatu kwa kusikiliza maumivu tu, kwa sababu ganzi inaficha malengelenge. Akague miguu kila siku kwa macho.

Kongowea_Mtumba
Kwa habari ya mitumba, naona mtu mwenye kisigino kibovu achukue pea moja mpya. Kiatu kilichovaliwa kimeshalala kwa mguu wa mwingine. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma: kikiinama ndani au nje, kitakuinamisha na wewe.

Tena kwa hapa Pwani, soli za poliyurethini (aina ya plastiki nyepesi) zinaharibika kwa joto na unyevu hata kama kiatu hakijavaliwa. Kinang'aa juu, ukikivaa siku mbili soli inamomonyoka na kubanduka vipande. Kabla hujalipa, kikunje kwa nguvu na uangalie nyufa ndogo ubavuni mwa soli, kisha bonyeza kwa kidole gumba. Ikinata au ikitoa unga, imekwisha. Hilo linahusu pia viatu vipya vilivyokaa stoo muda mrefu, kwa hiyo soma tarehe ya kutengenezwa. Kwenye viatu vyenye alama ya EN ISO huwa imeandikwa mwezi na mwaka.

Mpishi_Nyali
Asanteni sana. Mawili yamebaki. Wenzangu wengi wanavaa yale makroksi, je, yanafaa? Na mbona viatu vyetu vikiwa vipya vinashika, baada ya muda vinaanza kuteleza na bado soli haijaisha?

FundiSoli
Makroksi yenye matundu hayafai jikoni: mafuta ya moto yanaingia, kisu kinaingia. Yapo yaliyofunikwa juu kote, yenye soli ya jikoni, hayo angalau yanalinda. Lakini kwa kisigino chako, chochote kisichoshika nyuma ya mguu kinakulazimisha kukunja vidole kila hatua ili kisichomoke, na unyayo unachoka zaidi. Chukua kinachofungwa kwa kamba. Kamba zipitishe kwenye tundu la mwisho kabisa la juu, lile ambalo watu wengi hulikwepa, ndipo kisigino kitakaa.

La pili, ni uchafu. Mafuta yakichanganyika na unga au wanga wa wali yanaziba mifereji, na ikishajaa soli imekuwa bapa. Kila mwisho wa zamu sugua kwa brashi ngumu, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, na usuuze mpaka utelezi wa sabuni uishe. Kaushia kivulini penye upepo, usiweke karibu na jiko wala juani. Joto linafanya mpira uwe mgumu na gundi iachie. Vinundu vya ukingo wa nyuma vikiisha, kiatu kimekwisha kazi hata kama mbele kunaonekana kupya.

Na umweleze msimamizi kuhusu sakafu yenyewe. Sabuni ikizidi kipimo ndooni na isisuuzwe, inaacha utando ambao hakuna soli itakayoushinda.

Wakili_Mtaani
Nyongeza fupi kabla hujatoa pesa yako. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 101, inamtaka mwajiri atoe na kutunza mavazi ya kinga yanayofaa, vikiwemo viatu panapohitajika, pale kazi inapomweka mfanyakazi kwenye majimaji. Sehemu ya kuoshea vyombo inaingia humo. Andika barua, eleza aina ya sakafu, namba ya mguu na upana wake, na alama unayoomba: EN ISO 20347, SRC au SR, FO, E. Ambatanisha karatasi ya daktari kuhusu kisigino. Kama kuna kamati ya usalama, peleka nakala huko pia.